Vitambaa Vitano vya Dada Rehema

Kitambaa kikuukuu cha pamba kinapochanwa kwa mkono, kwanza husikika mkwaruzo mfupi pale wembe unapokata upindo. Kisha huja kimya cha pumzi moja, wakati mikono inashika pande mbili, halafu mlio mrefu na mkavu unaopanda hadi unakoma ghafla. Nilikuwa na umri wa miaka minane nilipousikia mara ya kwanza, nikiwa nimekaa kwenye sakafu ya korido ya nyumba yetu ya Themi, mgongo umeegemea mlango niliokatazwa kuufungua. Ndani alikuwamo Bibi, mama yake Baba, aliyefariki alfajiri ile. Nilihesabu milio mirefu mitano. Mwanamke mmoja aliyepita na ndoo ya maji ya uvuguvugu alimwambia mwenzake, kwa sauti ya mtu anayekumbushia kipimo cha chumvi, kwamba mwanamke hukatiwa tano na mwanamume tatu. Ndani kuna mtu alicheka kidogo, akanyamazishwa. Sikuogopa maiti. Niliogopa ule mlio, kwa sababu ulikuwa wa kitu kisichoweza kurudishwa kilivyokuwa.

Ninawaandikia watu wa rika langu, hasa wanawake, waliokuwa watoto miaka ile maduka ya mjini yalipoanza kujaa vitu baada ya rafu kukaa tupu kwa muda mrefu. Wao hawatahitaji kuelezwa harufu ya nguo za mitumba siku belo linapofunguliwa. Mama yangu aliuza nguo hizo sokoni. Baba alikuwa dereva wa lori, mtu wa Kondoa, na kukaa kwake nyumbani kulikuwa kwa siku chache kiasi kwamba tulizipikia pilau. Tulikuwa watoto wawili tu: mimi, darasa la pili, na dada yangu Rehema, darasa la saba.

Aliyechana sanda ya Bibi alikuwa Bi Tatu, mzee mwenye asili ya Tanga aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mtaani kwetu ndiye aliyeosha maiti za wanawake. Ndiye pia, jambo ambalo mimi sikulijua, aliyekuwa somo wa wasichana: yule anayeitwa msichana anapovunja ungo, ili amfundishe kujisitiri na kujitwaharisha. Kazi zote mbili alizifanya nyuma ya mlango uliofungwa, akiwa na beseni, sabuni, wembe na kitambaa cheupe. Mtu mzima hakuona ajabu yoyote hapo, kwani mwenye elimu ya maji na usafi huitwa kwa yote mawili. Mimi nilikuwa nje ya mlango.

Kuna jambo jingine ambalo lazima niliweke hapa, kwa kuwa bila hilo nitaonekana mtoto mjinga kuliko nilivyokuwa. Siku nne kabla ya kufariki, Bibi alitoa sanda yake kwenye kasha. Alikuwa ameinunua mwenyewe zamani, bafta nyeupe, akaitunza pamoja na karafuu kama walivyofanya wazee wengi wa umri wake. Aliianika juani uani, akaikung'uta, kisha akaniita nishike ncha mbili tuikunje upya. Alikuwa mzima, akinitania kwamba mikono yangu mifupi itamfanya azikwe na makunyanzi. Siku ya nne akafa. Hakuna aliyenieleza kwamba moyo wake ulikuwa mbovu kwa miaka mingi. Nilijieleza mwenyewe: sanda ikianikwa na kukunjwa, mwenye sanda anaitwa.

Mlio ulirudi msimu wa baridi. Mlima Meru ulikuwa haujaonekana kwa juma zima, ukungu ulishuka hadi kwenye mapaa, na nguo zilikaa kwenye kamba siku tatu bila kukauka. Nilirudi kutoka shule nikakuta nje ya mlango wa chumba cha Mama kandambili za kijani za Bi Tatu, moja ikiwa imeshonwa kwa waya. Rehema hakuwa ameenda shule siku hiyo kwa sababu ya tumbo. Nilikaa mahali pale pale nilipokaa siku ya Bibi. Mkwaruzo wa wembe, kimya, mlio. Mara tano.

"Hili limezeeka vizuri," nilimsikia Bi Tatu akisema. "Jipya lingemchubua."

"Si umwongezee cha akiba?" Mama aliuliza.

"Vitano vinamtosha. Na wewe, Rehema, mbona umenuna kama umeozwa kwa kizee? Usininunie mimi, sikukuumba."

Mama alicheka. Kicheko hicho kingeweza kunitoa hofu, lakini nilikumbuka kwamba hata siku ya Bibi kuna mtu alicheka. Nilipochungulia chini ya mlango niliona beseni, na mbele ya beseni kipande cha shuka jeupe. Lilikuwa shuka la Bibi mwenyewe, alilolalia miaka yote, laini kwa kufuliwa. Maji yaliyomwagika kando ya beseni yalikuwa na wekundu.

Jioni Rehema alitoka akiwa amejifunga kanga ya Mama, akitembea kama mtu aliyebeba ndoo kichwani. Nilimfuata jikoni.

"Dada, unaumwa?"

"Tumbo tu."

"Utakufa?"

"Kila mtu atakufa, we kinyago. Nenda kalete mkaa."

Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi mno kuliko inavyostahili. Ilikuwa maneno ya msichana wa miaka kumi na minne aliyechoka, asiyetaka kuulizwa na mdogo wake. Niliyachukua kama jibu.

Miezi iliyofuata nilimchunguza dada yangu kwa uangalifu ambao leo, katika kazi yangu, ningeuita utafiti. Niliona kwamba kila baada ya muda aliamka kabla yetu na kufua kwenye bomba la uani. Alianika vitambaa vile chini ya kanga za Mama, kanga juu na kitambaa chini, ili mpita njia aone maua tu. Jua lilikuwa dhaifu, kwa hiyo vilirudi ndani vikiwa na unyevu, naye alivimalizia kwa pasi ya mkaa mlango ukiwa umefungwa. Harufu ya pamba mbichi inayopigwa pasi, yenye chembe ya chuma ndani yake, ilipita chini ya mlango na kujaa korido. Baada ya hapo alivikunja na kuviweka ndani ya kopo la maziwa ya unga, chini ya kitanda tulicholalia sote wawili. Nililala kila siku juu ya kile nilichoamini kuwa sanda ya dada yangu, iliyokatwa vipande vidogo kwa sababu, nilivyojieleza, yeye bado hakuwa mtu mzima.

Wakati huo huo kulikuwa na ugomvi mwingine ndani ya nyumba, ambao niliusikia bila kuuelewa. Karibu na soko lilikuwa limefunguliwa duka jipya lenye kabati la kioo, na ndani ya kioo zilipangwa pakiti zenye picha ya msichana aliyevaa suruali nyeupe akiruka. Rehema alikuwa akisimama pale kila tulipotumwa sokoni.

"Mama, wenzangu wawili wanatumia pedi za dukani."

"Vitu vya kuvaa mara moja ukatupa? Utavitupia wapi? Chooni? Choo cha nani?"

"Wanafunga kwenye gazeti, wanatupa."

"Basi gazeti tunalo. Pedi hatuna."

Rehema aliporudia ombi hilo mara ya pili na ya tatu, Mama alimwambia kwamba akilitaja tena atamnyang'anya hata hivyo vitano. Hakika hakumaanisha. Lakini ugomvi ule ulibaki kichwani mwa Mama kama ushahidi wa baadaye.

Jumapili kabla ya mtihani wa darasa la saba, jua lilitoka. Mlima ulionekana wote, hadi kwenye majabali ya kileleni, na kina mama wa mtaa mzima wakatoa magodoro nje. Mimi nilikuwa nimeketi kizingitini nikichambua mchele. Rehema alitoka na kopo lake. Nyumba ikiwa haina mgeni, alivianika vitambaa vyote vitano bila kuvifunika, na vilipokauka akavikung'uta kimoja kimoja, akaniita.

"Njoo unishikie huku. Nataka vikae vizuri, mtihani utanikuta kwenye siku zangu."

Nilishika ncha mbili. Tulikunja pamoja, yeye akiimba kwa pua. Nilipokuwa nikishika ncha zile nilikuwa tayari nimejua kwamba zimebaki siku nne.

Naomba msomaji asinicheke haraka. Mtoto aliyekwishaona jambo likitokea mara moja kwa mpangilio maalumu hana sababu ya kuamini kwamba mpangilio uleule utaleta jambo jingine. Nilijua pia, kwa kuwa nilisikia kwenye mazishi ya Bibi, kwamba hakuna anayezikwa bila sanda. Nikageuza kauli hiyo kichwani: asipokuwa na sanda, hawezi kuzikwa, na asipoweza kuzikwa, hawezi kufa. Jumatatu mchana Mama alikuwa sokoni na Rehema shuleni. Nilivuta kopo. Nilifikiri kuvifukia ardhini nikaona kuvifukia ndiko kuvizika, na kuvizika ndiko kulikokuwa kukiogopwa. Nilifikiri Mto Themi, lakini mto ulikuwa na tabia ya kurudisha vitu kwenye mawe ya kina kifupi, mahali ambapo watu wangeviona. Nikaenda chooni, nikavitumbukiza kimoja kimoja, nikisubiri kila kimoja kifike chini ndipo nitie kingine.

Kopo tupu lilikuwa jepesi mno. Ili Rehema asigundue akilisogeza wakati wa kufagia, nilikunja kurasa za gazeti la zamani kwa umbo la vitambaa vile, nikalijaza. Niliona fahari kwa uangalifu wangu.

Mtihani ulikuwa wa siku mbili, Jumatano na Alhamisi. Madarasa ya chini tulipewa likizo ili shule iwe kimya, kwa hiyo nilikuwa nyumbani. Siku ya kwanza ilipita salama. Asubuhi ya pili Mama alikuwa ameshaondoka kuwahi kufunguliwa kwa belo. Nilikuwa bado chini ya blanketi nilipomsikia Rehema akivuta kopo, kisha akivuta pumzi.

"Nani amegusa kopo langu?"

Alinifunua uso.

"Umeona vitambaa vyangu?"

"Sijaona."

"Niangalie. Umeona?"

"Sijaona, dada."

Alitazama chumba kizima kama mtu aliyeingia nyumba ya watu wengine. Nyumba yetu ilikuwa imejaa nguo. Magunia ya mitumba yalipangwa hadi dirishani, lakini yote yalikuwa mabaki ambayo wanunuzi walikwishachagua, na mabaki ya siku zile yalikuwa ya tetroni, nguo zinazong'aa ambazo hazikunjiki wala hazinywi maji. Kanga za Mama zilikuwa zimefungiwa kashani, na ufunguo alitembea nao Mama. Rehema alichukua blauzi moja ya tetroni, akaikunja kadiri alivyoweza, akatoka mbio.

Alirudi kabla ya saa sita, peke yake, sweta limefungwa kiunoni. Alikaa kwenye jiwe la bomba, akavua sketi ya shule akiwa amejifunga blanketi, akaanza kuifua bila kulia. Wengine walinieleza yaliyobaki miaka mingi baadaye. Blauzi iliteleza na haikushika kitu. Msimamizi, mgeni kutoka shule nyingine, alimwambia kwamba akitoka hatarudi ndani. Alijikaza. Kisha wavulana wa dawati la nyuma wakaanza kunong'onezana, na yeye akainuka, akaacha karatasi ya Hisabati ikiwa na zaidi ya nusu ya maswali hayajaguswa.

Mimi nilimtazama kutoka mlangoni akiwa ameinamia beseni. Siku ya nne ilikuwa imefika, damu ilikuwa imetoka, na bado alikuwa hai. Nilifurahi. Ninaliandika neno hilo kwa makusudi kwa sababu nimejaribu maneno mengine na yote ni ya uongo. Nilifurahi, nikamletea sabuni.

Jioni Mama alirudi akiwa ameshasikia. Alivuta kopo, akamwaga kilichokuwamo juu ya kitanda.

"Na hili gazeti?"

"Sijui, Mama."

"Hujui. Gazeti limejikunja lenyewe, likaingia lenyewe kwenye kopo."

"Wallahi, Mama, sikuvitupa."

"Usimtaje Mungu mbele yangu kwa uongo! Nilikuambia pedi sina. Ukaona uvitupe ili nikose njia, nikanunue. Ukafunga na gazeti kama wenzako walivyokufundisha. Umemkomoa nani sasa? Mimi nilishasoma nikashindwa. Umejikomoa mwenyewe."

"Mama, niamini."

"Ningekuamini kama nisingeliona hili."

Alishika gazeti langu, lile nililolikunja kwa uangalifu, akalionyesha kama karani anayeonyesha hati. Nilikuwa nimesimama kando ya mlango nikiwa na sahani ya maharage mkononi. Nilielewa kwamba Rehema anasingiziwa. Sikuelewa uzito wake, na niliamini kwamba nikisema, vitambaa vingine vitachanwa kesho yake. Nikanyamaza ili aishi.

Mama hakumpiga. Nusu ya shuka la Bibi iliyobaki aliikunja, akairudisha kashani na kusema kwamba yeye hachani tena. Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalipobandikwa, la Rehema halikuwamo, na miaka ile nafasi zilikuwa chache kiasi kwamba hakuna aliyeuliza kwa nini mtu amekosa. Mwezi uliofuata alianza kukaa na Mama sokoni. Alikuwa na sauti nzuri ya kuita wateja. Watu walimsifia.

Nilipofikisha miaka kumi na mitatu, damu ilinikuta nikiwa shuleni. Niliporudi na kumwambia Rehema, hakuita mtu. Bi Tatu alikuwa ameshafariki. Rehema alikwenda dukani, akarudi na kitu kilichofungwa kwenye gazeti, akafunga mlango wa chumba tukiwa wawili.

"Hizi ni zako," alisema. "Nitakununulia kila mwezi. Wewe hutakaa kwenye mtihani na matambara."

Alinionyesha namna ya kuibandika pedi. Alinieleza kwamba tumbo litauma, kwamba si ugonjwa, kwamba nisiogope. Wakati anazungumza, mambo yote niliyoyaona nikiwa na miaka minane yalijipanga upya kichwani mwangu. Beseni, wekundu ndani ya maji, vitambaa vitano, kopo. Haikuchukua hata dakika. Nilikuwa na pakiti mkononi na dada yangu alikuwa ameinama mbele yangu, na nilijua. Huo ndio uliokuwa wakati wa kusema. Udhuru wa utoto uliishia pale, na kila siku iliyofuata ilikuwa ya mtu anayejua. Nilisema, "Asante, dada."

Alininunulia pakiti hadi nikamaliza kidato cha sita.

Kwa hiyo nilisoma. Sasa ninamalizia shahada ya uzamili katika mambo ya mazingira, na utafiti wangu unahusu vyoo vya shule za wasichana na vinavyotupwa ndani yake. Nimesimama kando ya mashimo yaliyokuwa yakifukuliwa, nimeona tabaka za plastiki za pedi zikitoka kama zilivyoingia, na mabomba yaliyozibwa nazo. Pamba huoza, hilo nimelipima. Vitambaa vya Rehema vilikuwa vimekwisha kuwa udongo kabla sijavunja ungo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha pedi za kutupa na kuanza kutumia sodo za kitambaa, za kufua, zinazoshonwa na kikundi cha akina mama wa Sombetini, maana sikuona namna ya kuwahubiria wengine kitu nisichokivaa. Nafua, naanika juani, wazi, bila kanga juu yake. Mara nyingi nimejiuliza kama nilichagua mada hii kwa sababu ya sayansi au kwa sababu nilitaka kutumia maisha yangu nikitetea vile nilivyovitupa. Sijapata jibu, na nashuku kwamba swali lenyewe ni njia nyingine ya kuchelewa.

Mama amefariki mwaka huu. Baada ya arobaini tulibaki mimi na Rehema kupanga vitu vyake, na chini kabisa ya kasha tukakuta nusu ya shuka la Bibi, ukingo mmoja ukiwa na nyuzi zilizochanwa. Rehema alilitazama, akalisukuma pembeni kwa mguu.

"Hilo lichome."

Sikulichoma. Nililiweka kwenye begi langu. Halafu, kwa kutojua namna nyingine ya kuanza, nilitoa pakiti ya sodo za kitambaa niliyomletea bintiye, Zuhura, ambaye sasa yuko darasa la saba.

"Za Zuhura," nilisema. "Za kufua. Zinadumu, na hazizibi choo."

"Mwanangu havai matambara."

"Si matambara, dada. Zina tabaka ndani, zina kifungo, hazitelezi."

"Zinapotea," alisema, akikung'uta kanga ya Mama. "Vyangu vilipotea. Vitano, ndani ya kopo, ndani ya chumba changu mwenyewe. Peleka kwa hao wanaokusomesha."

Alinirudishia pakiti. Hakuwa na hasira. Alizungumza kama mtu anayetaja mahali bomba lilipo. Nilikuwa na sentensi yote mdomoni. Nikasema, "Basi," nikapanda basi la kurudi chuoni kesho yake.

Majuma matatu sikufanya kazi ya maana. Niliandika nitakalomwambia kwenye karatasi, nikalisahihisha, nikaondoa maneno yaliyonitetea, nikagundua kwamba yakiondolewa yote hubaki sentensi tatu. Jumamosi saa nne asubuhi nilipiga simu. Alipokea akiwa sokoni. Nilisikia kengele ya muuza kahawa na watu wakiulizana bei.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Vipi, wamekufukuza chuo? Wewe hupigi saa hizi."

"Una wateja?"

"Wateja wapo, wanunuzi ndio hawapo. Sema."

"Nataka kukuambia kitu. Usikate."

"Una mimba?"

"Hapana."

"Basi sema, salio lako linakwenda."

"Vile vitambaa vyako vitano, nilivichukua mimi. Nilivitumbukiza chooni. Lile gazeti nililiweka mimi."

Mtu karibu yake aliuliza bei ya koti, akauliza tena, hakujibiwa.

"Ulikuwa na miaka mingapi?" Rehema alisema hatimaye.

"Minane."

"Kwa nini?"

Nilimweleza. Bi Tatu na wembe, Bibi na sanda yake, siku nne. Alitoa sauti ambayo kwa mtu mwingine ningesema ni kicheko.

"Ulidhani nakufa."

"Ndiyo."

"Na ulipokua?"

Swali hilo halikuwamo kwenye karatasi yangu. "Nilielewa siku uliyoniletea pakiti ya kwanza," nilisema.

Nilidhani amekata, nikaangalia simu. Dakika zilikuwa zinaendelea kuhesabika.

"Mama nilimuuguza mimi," alisema. "Wewe ulikuwa kwenye vyoo vyako. Nilimgeuza, nilimwogesha. Siku moja yuko na akili zake kabisa, nikamwambia, Mama, hata leo naapa, vile vitambaa sikuvitupa. Unajua alinijibu nini?"

"Sijui, dada."

"Alinishika mkono. Akasema, 'Rehema, hayo yalikuwa mambo ya kitoto, mimi nilishakusamehe.'" Sauti yake ilikatika, ikarudi. "Alinisamehe. Unanisikia? Amekwenda amenisamehe."

"Dada, naomba..."

"Usiombe. Usiniombe kitu leo. Nipigie kesho."

"Kesho saa ngapi?"

"Saa yoyote, nitapokea. Leo niache nikasirike."